Usijenge Darasa Kwenye Ploti ya Kukodi

Nitasema jambo ambalo marafiki zangu wengine wa programu hawatalipenda. Kama shule haiwezi kunakili ulimwengu wake pepe kwenye diski, ikauwasha tena kwenye seva yake yenyewe, basi isiutumie kufundishia. Isinunue leseni, isinunue miwani, na zaidi ya yote isimpe mwalimu kazi ya kujenga humo. Nasema hivi huku nikiamini kabisa kwamba malimwengu haya yanafundisha. Ndiyo sababu nakasirika nikiona jinsi yanavyouzwa.

Kwanza tuelewane. Ninaposema ulimwengu pepe sina maana ya mkutano wa video, wala masomo ya kupakua. Nazungumzia mahali palipoundwa ndani ya kompyuta ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja. Kila mtu ana umbo lake humo, yaani avata, au angalau jina. Wanaonana, wanaongea, wanashika vitu, na mara nyingi wanajenga vitu ambavyo vinabaki hata wao wakitoka. Darasa la Jumatatu linakuta kile ambacho darasa la Ijumaa liliacha.

Vinabaki, sawa. Lakini vinabaki kwa nani? Hilo ndilo swali langu leo.

Wazo lenyewe si geni

Wauzaji wa siku hizi huongea kana kwamba jambo hili lilizaliwa mwaka 2021, Facebook ilipojibatiza Meta. Si kweli. Mwaka 1978, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza MUD. Hapakuwa na picha hata moja. Uliandika amri, kompyuta ikakujibu kwa maandishi kwamba uko njiani, kuna mlango upande wa mashariki, na fulani amesimama hapo karibu nawe. Watu wengi waliingia pamoja, na walikuwa wakitumia maandishi matupu.

Walimu na watafiti waliliona hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1990 Amy Bruckman, akiwa MIT huko Marekani, aliunda MOOSE Crossing. Ulikuwa ulimwengu wa maandishi wa watoto. Mtoto aliandika maelezo ya chumba chake au mnyama wake, kisha akaandika programu fupi ya kumfanya yule mnyama aitikie mtu akimgusa. Akikwama alimuuliza mtoto mwenzake aliye humo humo, akaangalia msimbo wa mwenzake, akajifunza. Yaani kuandika insha na kuandika programu vilikuwa somo moja. Tena Bruckman na wenzake hawakudanganya: waliandika wazi kwamba mafanikio hayakuwa sawa, baadhi ya watoto walijifunza mengi na wengine kidogo sana. Hiyo ni habari ambayo hutaipata kwenye kipeperushi cha muuzaji.

Halafu kuna River City, mradi wa Chris Dede na wenzake wa Harvard. Wanafunzi waliingia kwenye mji wa Marekani wa karne ya 19 ambao watu wake wanaugua. Kuna ugonjwa unaoletwa na maji, kuna unaopita hewani, kuna unaoletwa na mbu, na yote yamechanganyika. Wanafunzi katika vikundi wanawahoji wakazi, wanapima maji, wanahesabu mbu, wanabuni nadharia, wanaijaribu, na mwisho wanamwandikia meya barua ya mapendekezo. Mwalimu yeyote wa sayansi anajua ugumu wa kufundisha hilo ubaoni. Huwezi kuliambukiza darasa kipindupindu ili lione jinsi kinavyosambaa!

Na Whyville? Huo ulikuwa ulimwengu wa watoto ulioanza mwaka 1999. Mwaka 2002 wenyewe waliachilia humo ugonjwa wa kubuni ulioitwa Whypox. Nyuso za avata zikatoka madoadoa mekundu, na mtu akiwa katikati ya kuongea chafya ikajiandika yenyewe. Watoto wakaanza kuulizana nani kamwambukiza nani. Hiyo ndiyo epidemiolojia, na wameingia wenyewe bila kusukumwa.

Angalia mifano hiyo yote. Kilichofundisha ni watu kuwa pamoja, kuwa na tatizo la kweli la kutatua, na kuruhusiwa kugusa na kujenga. Ubora wa picha haukuwa na kazi kubwa hapo. River City leo ungeonekana kama mchezo wa kizamani, na MOOSE Crossing haukuwa na picha kabisa.

Sasa tuzungumzie landilodi

Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Kati ya mwaka 2006 na 2009 vyuo vikuu vilimiminika humo kama watu wanaokimbilia ploti za bei nafuu. Mwaka 2006 Harvard Law School ilikuwa na kozi iliyofanyika kwa sehemu ndani ya Second Life. Open University ya Uingereza ilikuwa humo. Texas Wesleyan ilikuwa na Genome Island, kisiwa kizima cha kufundishia jenetiki kwa majaribio. Kulikuwa na kazi nzuri sana, na siidharau. Kuna walimu waliokesha miezi wakijenga maabara, makumbusho na vijiji humo, wengi wao bila kulipwa hata senti ya ziada.

Lakini ardhi ile ilikuwa ya nani? Kisiwa kimoja, mraba wa mita 256 kwa 256, kilikodishwa kwa dola 295 kwa mwezi, baada ya kulipa dola 1,000 za kuanzia. Taasisi za elimu na zile zisizo za faida zilipewa nusu bei, dola 147.50 kwa mwezi. Nusu bei! Nani angekataa?

Oktoba 2010 Linden Lab ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2011 punguzo hilo limekwisha. Piga hesabu: kisiwa kilichokugharimu dola 1,770 kwa mwaka sasa ni dola 3,540, na notisi uliyopewa ni ya karibu miezi mitatu, katikati ya mwaka wa masomo wa Marekani, wakati bajeti imeshapitishwa. Wakati huo huo kampuni ikafunga ulimwengu wake wa vijana wa miaka 13 hadi 17, ambako miradi ya shule ilikuwa imejengwa.

Jamani, mnaijua hadithi hii. Mtu anajenga nyumba ya mawe kwenye ploti isiyo na hatimiliki, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na majirani wote walikuwa wanajenga. Siku moja anaamka na kusikia tingatinga.

Lililouma zaidi ni kwamba hukuweza kuhama na mzigo wako. Ungeweza kutoa nje vile tu ulivyoviumba wewe mwenyewe, tena kwa kuhangaika. Kiti ulichonunua, jengo alilokujengea mwanafunzi aliyekwisha hitimu, msimbo ulioazima kwa mwalimu mwenzako, vyote vilibaki humo. Ukiacha kulipa, kisiwa kinafutwa kwenye ramani. Kuhama kulimaanisha kuanza upya.

Siiti Linden Lab wezi. Juni mwaka huo huo ilikuwa imepunguza asilimia 30 ya wafanyakazi wake. Kampuni iliyobanwa hukata pale inapoweza, na wapangaji wa nusu bei ndio huguswa kwanza. Mwaka 2013 ilirudisha punguzo la elimu. Lakini hilo ndilo hasa ninalolisema: punguzo lilitolewa, likaondolewa, likarudishwa, na katika safari zote tatu mwalimu hakuwa na kauli. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho

Google ilifungua Lively Julai 2008 na kuifunga Desemba 31 mwaka huo huo. Ulimwengu mzima haukumaliza hata muhula miwili! Microsoft ilinunua AltspaceVR mwaka 2017, ikaifunga Machi 10, 2023. Mozilla iliendesha Hubs, ambayo walimu wengi waliipenda kwa sababu iliingilika kwa kivinjari cha kawaida, kisha ikazima huduma yake Mei 31, 2024.

Lakini Hubs ina tofauti moja kubwa, na ningependa uishike. Msimbo wake chanzo ulikuwa wazi. Mozilla ilipoondoka, watu waliotaka kuendelea waliweza kuweka Hubs kwenye seva zao wenyewe na kazi ikaendelea. Waliokuwa AltspaceVR hawakuwa na njia hiyo. Mlango ulifungwa na funguo zilikuwa Redmond.

Sasa mtu ananiambia nisiwe na wasiwasi, kampuni za leo ni kubwa. Mwaka 2022 pekee, kitengo cha Meta kinachoshughulikia uhalisia pepe kilipata hasara ya dola bilioni 13.7. Mimi si mhasibu, lakini sitaweka mtaala wa Kidato cha Pili juu ya kitu kinachopoteza pesa kiasi hicho na kinachoweza kukatwa kwa uamuzi wa kikao kimoja California.

Na sisi huku je?

Huku kwetu Kenya gharama ina sura nyingine pia. Chukua maabara ya shule yenye mashine 30. Tuseme kila mashine inahitaji kilobiti 500 kwa sekunde ili ulimwengu wa picha unaotoka ng'ambo usikwame. Hiyo ni megabiti 15 kwa sekunde, mfululizo, kipindi kizima, kwa darasa moja. Shule inayokokotana na bando hata ya kutuma matokeo haiwezi. Na vitu vile vile vinavuka bahari mara 30, kwa watoto 30 walioketi chumba kimoja!

Miwani nayo? Darasa lina wanafunzi 45, shule imenunua miwani 5 kwa pesa za harambee. Hiyo ni zamu 9. Kipindi cha dakika 40 ukigawa kwa 9, kila mtoto anapata dakika nne na kidogo, kabla hujatoa muda wa kufunga na kufungua mikanda. Wengine 40 wanatazama mtu akipapasa hewa. Hiyo ni sarakasi, kuiita somo ni kujidanganya.

Tumeshapita njia hii. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu za watoto wa darasa la kwanza, mwaka 2016 zikaanza kugawiwa tableti, mwishowe zaidi ya milioni moja. Mjadala wetu wa kitaifa ulihusu kifaa kutoka mwanzo hadi mwisho: nani atakileta, bei gani, kitalindwaje kisiibwe. Swali la mwalimu afanye nini nacho Jumanne saa nne asubuhi lilipata muda mdogo mno. Tusirudie kosa hilo kwa kuvaa miwani.

Kuna njia nyingine, na haina bando

Programu huria zipo. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni OpenSimulator, iliyoanzishwa mwaka 2007. Inafanana na Second Life, unaiweka kwenye seva yako, na unaweza kuhifadhi kisiwa kizima kama faili moja. Ukitaka kuhama, unahama na faili lako.

Ya pili ni Luanti, ambayo hadi Oktoba 2024 iliitwa Minetest. Ni ulimwengu wa matofali, wa jamii ile ya Minecraft. Kompyuta moja ya maabara inakuwa seva, nyingine zinaingia kupitia ruta ya shule. Hakuna intaneti inayohitajika. Ulimwengu wote umekaa ndani ya folda moja. Ukinakili folda hiyo kwenye flashi, umebeba miezi sita ya kazi ya wanafunzi mfukoni. Mwanafunzi akitaka kuongeza kitu kipya anaandika Lua, lugha ndogo inayojifunzika.

Ya tatu, na ninayoipenda zaidi, ni Evennia. Inatengeneza ulimwengu wa maandishi kwa kutumia Python, na mwanafunzi anaingia kwa kivinjari. Mashine ile ya zamani mnayotaka kuitupa inatosha. Na kwa kuwa ni maandishi, hakuna kinachokuzuia kuandika amri zote kwa Kiswahili: tazama, chukua, sema, nenda kaskazini.

Fikiria mji mdogo ulioandikwa na darasa lenyewe. Una visima vitatu, soko, zahanati, na choo cha shimo kilichochimbwa upande wa juu wa kisima kimoja. Watu wanaharisha. Mwanafunzi anaandika "pima maji", anapata matokeo. Anaandika "hoji mama muuza samaki", anapata maelezo yanayopingana na ya mzee wa mtaa. Kikundi kinajadiliana, kinaandika barua kwa chifu. Hiyo ni biolojia, jiografia na insha ya Kiswahili katika somo moja. Muhula unaofuata Kidato cha Tatu kinaingia na kuongeza msimu wa mvua. Mwaka ujao wengine wanaongeza mbu. Mji unakua, na ni mali ya shule.

Nawasikia mnaopinga

"Picha hafifu, watoto wa siku hizi watachoka." Minecraft ni matofali matupu, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 300. Watoto hawachoki na matofali. Wanachoka na mahali ambapo hawaruhusiwi kugusa chochote.

"Basi si mnunue Minecraft yenyewe ya shule?" Ni programu nzuri, sibishi. Ilipotolewa mwaka 2016 bei yake ilikuwa dola 5 kwa mtumiaji kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 1,000 hiyo ni dola 5,000, kila mwaka. Kama mnazo, sawa. Lakini hata hapo hakikisheni mnajua faili za ulimwengu zinakaa wapi na zinafunguka na nini leseni ikiisha.

"Miwani inafundisha vitu ambavyo skrini haiwezi." Kweli kabisa. Daktari anayejifunza upasuaji, fundi anayejifunza kuchomea vyuma, hao miwani inawafaa. Lakini hao wanafanya mazoezi ya mkono mmoja mmoja. Hapa tunazungumzia watu wengi kujenga na kufikiri pamoja, na kwa kazi hiyo skrini ya kawaida inatosha.

"Nani atatunza seva?" Hili ndilo pingamizi zito, na sitalipita haraka. Seva hufa. Stima hupotea katikati ya kuandika faili. Mwalimu wa kompyuta huhamishwa. Kumiliki kitu ni kazi, na anayekuambia programu huria ni bure kabisa anakudanganya kama yule muuzaji. Lakini linganisha. Pesa ya leseni huenda ng'ambo na hairudi. Pesa hiyo hiyo ikimlipa kijana wa hapa mjini aje mara mbili kwa mwezi kukagua seva na kuhifadhi nakala, ujuzi unabaki. Na klabu ya kompyuta ya shule ikiwezeshwa kuendesha seva, hilo peke yake ni somo ambalo hawatalipata kwenye kitabu chochote.

"Na usalama wa watoto?" Seva iliyo ndani ya maabara, isiyounganishwa na nje, haingiwi na mtu mzima asiyejulikana kutoka bara jingine. Mwalimu anamjua kila aliye humo kwa jina na kwa baba yake. Ni kampuni gani ya ng'ambo inaweza kukupa hilo?

Maswali manne ya kumuuliza muuzaji

1. Naweza kupata nakala kamili ya kila kitu tulichojenga, leo, bila kukuandikia barua pepe?
2. Nakala hiyo inafunguka kwenye programu gani ambayo si yako?
3. Intaneti ikikatika wiki nzima, darasa linaendelea?
4. Ukifunga kampuni au ukipandisha bei mara mbili, mwanafunzi wangu anabaki na nini mkononi?

Mwalimu mkuu, usitie sahihi mpaka upate majibu manne kwa maandishi. Na wewe mwanabodi mzazi, pesa hizo ni karo yako. Uliza.

Kwa wenzangu wanaoandika programu: tuache kulalamika kwamba shule zinauziwa takataka kama hatujawapa kitu bora. Amri za msingi za Evennia zinaweza kuwekwa katika Kiswahili. Mji mmoja wenye visima na wagonjwa unaweza kuandikwa na watu watatu katika Jumamosi chache, ukawekwa wazi ili shule yoyote iuchukue, iubadilishe, iuite jina la kijiji chake. Tunayo lugha, tunayo Python, na mashine kuukuu zimejaa maabara.

Na muuzaji akija tena na slaidi zake, muulize habari ya nakala kwanza. Akianza kukuonyesha picha, mpe chai, mshukuru, umsindikize mpaka getini.